Kidole Alichopima Dishon

Uzi ule ulikataa kukauka.

Dishon Obiero aliutia mfukoni Jumamosi jioni. Jumatatu mchana, jua la Kisumu likiwa limeyeyusha lami hadi inashika viatu, uzi bado ulikuwa unachuruza maji, na shati lake lilikuwa na doa kifuani kama la mama anyonyeshaye. Huo ulikuwa uzi wa nailoni, uzi wa nyavu, ambao hata ukiutoa ziwani hukauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Dishon alikuwa mtengeneza nyavu pale Dunga, na uzi aliujua kama ulimi wake. Lakini siku hiyo hakutaka kujua kitu.

Aliyekuambia kwamba Dishon alirogwa alikudanganya mchana kweupe. Dishon alijiroga mwenyewe, kwa wivu, na wivu wake ulisikika kutoka Dunga hadi Otonglo. Aliwahi kumnunia mpenzi wake siku nzima kwa kuwa alimcheka mbuzi wa jirani kwa raha kuliko alivyomcheka yeye.

Mpenzi huyo aliitwa Jentrix, binti wa kutoka Seme, mrefu, mwenye maneno. Kazi yake ilikuwa kupima na kukata vitambaa katika duka la Zachariah mjini. Zachariah alikuwa mtu wa Nyeri aliyeizoea Kisumu mpaka akawa anakula samaki na kichwa chake. Alikuwa na meno yaliyopangana vizuri, na Dishon aliyachukia jino kwa jino. Kila Jumamosi Jentrix alipokuja Dunga, kabla ya salamu, Dishon alivuta leso yake akainusa.

"Unanusa nini, wewe mbwa wa polisi?" Jentrix alimwuliza.

"Nanusa duka."

"Basi duka linanuka duka. Nipe maji ya kunywa, yawa, nimechoka."

Ilikuwa mwaka uliofuata ule timu ya Gor iliporudi na kombe la Afrika, na kila kijana wa Kisumu alijiona mshindi wa kitu fulani. Dishon akaamua kushinda na yeye: atamvisha Jentrix pete kwa ghafla, mbele ya watu, kabla yule wa vitambaa hajapata wazo hilo. Akaenda kwa Oketch, fundi wa boti, ambaye propela ikivunjika aliigeuza shaba yake kuwa pete za kung'aa kuliko dhahabu ya Mhindi.

"Lete kipimo," Oketch alisema. "Pete si kofia, omera, kwamba ikikataa utaivaa upande."

"Nikimwuliza atajua."

"Nani amekwambia umwulize? Ngoja alale. Zungusha uzi kwenye kidole, ukate pale unapokutana. Usifunge fundo. Akiamka, mwambie unafukuza nzi."

Jumamosi hiyo Jentrix alifika amechoka, akajitupa kitandani nyuma ya pazia. Nyumba ya Dishon ilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, mlango wa mbele na mlango mdogo wa nyuma uliotokea kwenye uwanja wa kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Alipomsikia anakoroma, akatoka polepole kwenda kibandani kuchagua uzi mwembamba. Alichagua sana, kama anayechagua mke wa pili. Aliporudi, jua lilikuwa linazama na mkono wa mwanamke ulikuwa unaning'inia nje ya pazia, umelegea kwa usingizi.

Hapo ndipo upepo ulipotoka ziwani.

Mtu wa pale hafundishwi upepo ule. Unakuja na sauti ndani yake, kama watu wengi wanaopita wakizungumza kwa mbali, na watu husema ni Nyawawa, roho zisizo na kwao, zinapita. Ukiusikia, unashika sufuria na mwiko, unapiga. Kama huna sufuria unapiga mabati. Unapiga hadi zijue kwamba nyumba hii ina wenyewe, ziendelee na safari. Nyumba ya kwanza ufukweni ikaanza, ya pili ikapokea, watoto wakapiga kelele, kelele za chuma zikaja zikipanda kilima nyumba kwa nyumba. Dishon naye akashika sufuria. Akauinua mwiko.

Akautazama ule mkono.

Akipiga, Jentrix ataamka. Akiamka, kipimo hakuna, na Jumamosi ijayo labda meno ya Zachariah yatakuwa yameshasema neno. Dishon akaiweka sufuria juu ya gunia, taratibu, kama yai. Kelele zikafika kwake, zikairuka nyumba yake, zikaendelea kwa jirani. Mtaa mzima ulilia chuma, na nyumba moja tu ilinyamaza, kama pengo la jino.

Na juu ya nyumba hiyo upepo ukasimama.

Alipiga magoti. Harufu ya matope na matete yaliyooza ilijaa chumbani, naye akajiambia ni ziwa tu. Akazungusha uzi kwenye kidole cha pete. Kilikuwa baridi, chembamba kuliko alivyodhani, na ngozi yake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Akakata uzi kwa meno, mdomo wake ukigusa kidole. Kidole kikajikunja, kikambana mdomo, kwa upole, kama cha mpenzi.

Dishon akatabasamu gizani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo.

"Dishon! Mbona hupigi sufuria?" Jentrix aliingia anahema, karai la omena kichwani. "Nimetoka kitambo kumsaidia Mama Metrine kuanua, upepo umetukuta huko, nyumba zote zinapiga isipokuwa yako! Unataka kutuua?"

Dishon alitazama mkono. Haukuwepo. Akavuta pazia: kitanda kilikuwa kitupu, na shuka lilikuwa limelowa katikati, urefu wa mtu.

Mwanamume mwenye akili angetupa uzi ule palepale na kukimbia kutafuta maombi. Na Dishon kweli alifungua mdomo aseme. Lakini macho yake yakatua mabegani mwa Jentrix.

"Hiyo leso mpya umepata wapi?"

"Zachariah ametupa wafanyakazi wote. Hata mzee wa kufagia amepewa."

Basi. Wivu ukapanda, ukaisukuma hofu kando kama jogoo anavyosukuma vifaranga kwenye mtama. Dishon alijiambia paa linavuja. Alijiambia alipima mkono wa Jentrix, naye akachomoka kwa nyuma kumfanyia mzaha. Jumatatu akampelekea Oketch ule uzi wenye maji.

"Omera," Oketch alisema, akiushika kwa vidole viwili, "huyu ni Jentrix kweli? Hiki ni kidole cha mtu ambaye hajala muda mrefu."

"Wewe tengeneza."

Jumamosi iliyofuata Dishon aliita majirani, chai ikachemka, akapiga goti mbele ya Jentrix. Mama Metrine alipiga kigelegele cha kwanza. Cha pili kilikwama kooni, kwa sababu pete iligoma kwenye kiungo cha kwanza cha kidole. Dishon alisukuma. Akatema mate, akasukuma tena.

"Acha, unaniumiza," Jentrix alisema. Aliinua ile pete akaiangalia, na uso wake ukabadilika taratibu. Yeye aliyeishi kwa kupima hakuhitaji kuambiwa. "Hii haikukosewa. Hii imepimwa. Umempima mwanamke gani, Dishon?"

"Wewe! Ukiwa umelala, siku ile ya upepo!"

"Siku ile ya upepo nilikuwa nje na Mama Metrine. Nani alikuwa kwenye kitanda chako?"

Kabla hajajibu, nyuma ya pazia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sauti ya msichana ikasema kwa aibu ya bibi arusi, "Ni mimi."

Majirani waliacha vikombe, wengine viatu.

Tangu siku hiyo Dishon alionja dawa yake mwenyewe. Kila jioni, alipofungua mlango, kitu kilimvuta shati kifuani na kulinusa, kwa muda mrefu, kikivuta pumzi yenye matope. "Umetoka wapi?" kilinong'ona. "Umemcheka nani?" Akinyamaza, shuka lililowa. Akijibu, kilicheka kwa kutosadiki, kama yeye alivyokuwa akicheka. Hilo angelivumilia, lakini jini lile halikumwonea wivu yeye peke yake. Kwenye kidole cha Jentrix kulitokea alama nyembamba, kama uzi uliokazwa, kidole kikavimba kikawa cheusi. Kisha alama ikaonekana kwenye kifundo cha mkono. Kisha, asubuhi moja, ikaonekana shingoni, na Jentrix akawa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa bua. Mama yake alikuja akamchukua hadi hospitali ya Kombewa, karibu na kwao. Madaktari walimtunza, wakampa hewa, wakapima damu, wakaiona safi. Alama iliendelea kukaza.

Dishon alilala nje ya wodi usiku mmoja, na kulipokucha mama mtu akamshika mkono. "Wewe ndiwe uliyeanza. Twende kwa Dorca."

Dorca alikuwa mwanamke wa dawa, mkongwe mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Hakurusha kete wala kutikisa kibuyu. Aliuliza tu.

"Upepo ulipopita, ulipiga sufuria?"

"Sikupiga, mama."

"Kwa nini?"

"Sikutaka aamke."

Dorca alivua miwani. "Zikipita, nyumba iliyonyamaza ni nyumba inayosema karibu. Ameingia msichana aliyekufa kabla ya kuolewa. Wa namna hiyo hatumziki ndani ya boma, tunamweka nje ya ua, na nje hapana mtu wa kumwita wetu. Amezunguka na upepo akitafuta mlango. Wewe ukampa mlango, ukampigia magoti, ukampima kidole." Alitikisa kichwa. "Hata mume wangu hakunipima. Alikisia."

"Nifanye nini?"

"Panda feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita. Katikati ya maji, ikate hiyo pete, ndipo uitupe. Sikia neno langu: ikate. Pete iliyokatwa ni chuma, atalia, ataenda zake. Pete nzima ni posa. Usimtupie pete nzima, mwanangu, hata kama atakuambia nini."

Dishon alipanda feri na msumeno wa chuma ndani ya gazeti. Alijibanza nyuma, kelele za injini zikifunika kazi yake, akaibana pete kwenye ukingo wa chuma akaanza kukata. Mara tu msumeno uliposhika, kilio kikaanza, karibu na sikio, kilio cha msichana anayelia kwenye mto ili nyumba isisikie, naye akaendelea kukata, jasho likimwingia machoni, matope yakinuka katikati ya harufu ya dizeli, unga wa shaba ukimnata vidoleni, mpaka msumeno ukafika nusu, na hapo kilio kikakoma, na ile sauti ikasema kwa utulivu kabisa, kama jirani anayeleta habari, kwamba Zachariah yuko Kombewa sasa hivi, ameketi kwenye kitanda cha Jentrix, amemletea machungwa, anamchambulia moja moja kwa mkono, na Jentrix anacheka, anacheka kwa meno yote, na feri ya kurudi inaondoka mara hii ikifika, ukichelewa hapa utalala Mbita, na wao watakuwa pamoja hadi kesho.

Dishon aliona yale meno. Aliona ganda la chungwa.

Akaitupa pete majini ilivyokuwa, nusu imekatwa, nusu nzima, mduara wake haujafunguka. "Shika, basi!" alifoka. "Shika uniache!"

Maji yakaipokea bila sauti.

Alifika Kombewa anakimbia. Zachariah alikuwepo kweli, na machungwa yalikuwepo kweli, na aliyekuwa akiyamenya alikuwa Waceke, mke wa Zachariah, amebeba mtoto mgongoni. "Karibu, shemeji," Waceke alisema. "Kula."

Na Jentrix alikuwa ameketi. Alama shingoni ilikuwa imefifia kama mstari wa chaki mvuani. Walimwambia alivuta pumzi ndefu ghafla, kama mtu aliyeachiwa kamba, wakati ule ule Dishon akiwa kwenye feri. Dishon alilia mbele ya watu, akaomba msamaha, akala machungwa matatu. Dorca alipomtumia mtu kuuliza kama alikata, alijibu, "Nilikata." Nusu ya neno hilo ilikuwa kweli.

Oketch alitengeneza pete nyingine. Safari hii Jentrix alijipima mwenyewe, mchana, dukani, kwa futi yake ya kitambaa, wateja wakishangilia. Arusi ikapangwa. Dishon aliacha kunusa leso. Chumbani hapakulowa tena kitu, na watu wakasema jini limeondoka, na ni kweli, liliondoka. Bibi arusi huondoka pia, kwenda kujitayarisha.

Siku moja kabla ya arusi, Jentrix akiwa mjini kumalizia gauni, Dishon alijinyoosha kitandani baada ya chakula. Usingizi ukamchukua. Aliamshwa na mtaa mzima ukipiga chuma, sufuria, mabati, ndoo, kelele zikiondoka kwake, zikiteremka kwa majirani upande wa pili, maana yake zilikuwa zimeshafika kwake na kupita. Sufuria yake ilikuwa juu ya gunia. Hapakuwa na mtu wa kuipiga.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya pazia.

Aliurudisha ndani polepole. Kidole cha pete kilikuwa kimelowa, kimezungukwa na uzi mwembamba wa nyavu, wa kijani, mkongwe, wenye harufu ya matete. Haukuwa na fundo. Ulizungushwa tu kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu asiyetaka mwenzake aamke, na ncha zake, pale zilipokutana, zilikuwa zimekatwa kwa meno.