Jina Mdomoni mwa Mgodi wa Risasi

Jua lilikuwa linazama Nkwabi alipofika na kiroba chake kwenye mgodi wa zamani, nje kidogo ya Masumbwe. Wakoloni walichimba hapa madini ya fedha na risasi. Fedha wakaondoka nayo. Risasi ikabaki, pamoja na manamba waliofukiwa na kifusi, watu walioandikwa kwa namba tu, bila majina.

Ndiyo maana kabla ya kushuka unataja jina lako. Wa chini wajue nani si wao.

"Marahaba, baba," Mama Nelly, mponda mawe, alimwitikia. "Taja kwa sauti. Wale hawapendi kudanganywa."

Nkwabi akasonya. Digrii nzima ya jiolojia, halafu leo anaokotea wavuvi mawe ya kuzamishia nyavu! What a joke. Kwao Didia wanajua yuko ofisini Mwanza. Na pale wachimbaji wawili walikuwa wametega masikio. Akainama, akataja jina la mdogo wake.

"Onesmo Bujiku."

Ikapanda harufu ya kiberiti na udongo mbichi. Gizani, sauti kavu ikajibu:

"Tumekusikia, Onesmo."

Akashuka mbio, akajaza kiroba, akatoka. Hakuguswa.

Hajajipangusa vumbi, simu ikaita. Mama yake.

"Nkwabi, mdogo wako kaanguka zizini! Anakohoa udongo wa kijivu... Anasema wanamvuta miguu."

Mama Nelly alisikia yote.

"Umetaja la nani?" alinong'ona.

Nkwabi akaionyesha simu kwa kidevu.

"Rudi. Taja lako, kwa mdomo wako. Watamwachia."

"Na mimi?"

"Si wewe ndiye uliyeshuka?"

Akapiga magoti mdomoni mwa shimo, simu mkononi bado hewani. Nyuma yake mtu akaangua kicheko. Enock, jirani yao wa Didia, mnunuzi wa mawe.

"Yaani ng'wana Bujiku! Msomi wetu! Kumbe ofisi yenyewe ndiyo hii? Jamani, njooni mumwone bosi!"

Watu wakasogea. Uso ukamwaka moto.

"Nkwabi," akanong'ona jina lake shimoni.

"Hatusikii," sauti ikatoka chini. "Paza."

Kwenye simu mama alikuwa anaita. Onesmo... Onesmo...

Nkwabi akafungua mdomo. Enock alikuwa ameshainua simu yake, anamrekodi.

Nkwabi akaufunga mdomo.

Kule Didia, mama akaacha kuita, akaangua kilio.