Mkokoteni Uliomshinda Baba Watoto

Asubuhi hiyo mjane alitoa mkokoteni nje, akaanza kupakia madumu ya maji. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu mkokoteni huohuo umuue mumewe. Lakini machozi hayapikwi yakaliwa, na watoto watatu walikuwa ndani na njaa.

Kwa miaka mumewe aliuteremsha mkokoteni huo kwenye mlima wa kwenda kwa wateja. Siku ya mwisho mvua ilinyesha. Mkokoteni ulimsukuma kwa nyuma, ukamshinda, ukambana kwenye ukuta wa kando ya barabara.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye msukuma mkokoteni, alimkataza asishuke, ingawa yeye mwenyewe alishuka kila siku. Mteremko ule una shetani, alisema.

Jirani yao, fundi baiskeli, aliweka spana chini. "Shetani gani huyo? Wanaopanda hawamwoni, ila wanaoshuka tu?"

Mjane hakucheka. Alitaka kujua kilichomuua mumewe.

Fundi naye akaacha utani. "Dunia inavuta kila kitu chini, mama. Mteremkoni, mvuto huo unaongeza mwendo kila hatua. Kinachouzuia ni msuguano: kitu kukwaruzana na kingine, kama miguu na barabara. Barabara ikilowa, msuguano unapungua. Na marehemu alikuwa ametia grisi magurudumuni yazunguke kwa wepesi. Kwenye tambarare ilimsaidia. Kwenye kushuka..."

Akaokota spana yake.

Mjane aliuliza kama mzigo mzito ndio unaokimbia zaidi. Fundi alikataa. Mzito na mwepesi huongeza mwendo karibu sawa, ila mzito ni mgumu kuusimamisha. Basi wakashusha madumu kumi, yakabaki kumi. Fundi akapigilia kipande cha tairi kuukuu chini ya mkia wa mkokoteni, ncha yake ya nyuma, kisha akasogeza madumu nyuma. Alimweleza kwamba akiinua mikono ya mkokoteni, mkia utakandamiza tairi barabarani. Likikandamizwa zaidi, msuguano unazidi.

"Na uanze kuuzuia ukiwa bado juu kabisa. Mwendo ukamate ukiwa bado mtoto. Ukishabalehe, haukusikilizi."

Mjane akashuka. Tairi lilikwaruza, likanuka mpira ulioungua. Mkokoteni ulimfuata polepole. Alipita penye ukuta ule bila kugeuza shingo.

Chini, shemeji alikuwa ameshafika. Akamwambia amechelewa, wateja wamenung'unika.

"Kaka yako aliwahi," mjane akajibu, akaanza kushusha madumu.

Kesho yake shemeji alionekana kwa fundi, amepiga magoti chini ya mkokoteni wake, ameshikilia kipande cha tairi huku fundi akigonga misumari.