Kiti Alicholetewa Cucu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karwirwa aliwasha moto, akapika uji wa wimbi, akampelekea bibi yake kikombe pamoja na beseni la maji ya kunawa palepale alipoketi. Alifagia ua, akamkatia ng'ombe nyasi, kisha akashika njia ya shule kule Kanyakine, viatu mkononi visije vikalowa umande. Alikuwa darasa la sita. Majirani walimsifu mpaka basi.

"Jamani, huyu mtoto ana adabu! Bibi yake hata kijiko hanyanyui."

Ni kweli, hakunyanyua. Na shida yenyewe ilikuwa hapohapo, ila hakuna aliyeiona, na wa mwisho kuiona alikuwa Karwirwa.

Bibi huyo, ambaye Karwirwa alimwita Cucu kama watoto wengine wa huko wanavyowaita bibi zao, alikuwa na jina hilohilo la Karwirwa. Wameru humpa mtoto jina la bibi yake, na aliyepewa jina huheshimiwa kama mwenye jina. Ndiyo sababu mjomba Mwiti, mtoto wa kiume wa Cucu, alimwita msichana huyu "mama" mbele ya watu bila kuona haya. Mama mzazi wa Karwirwa alifariki yeye akiwa mchanga. Alilelewa na Cucu na babu Kithinji.

Kisha mwezi wa Machi babu akafa. Watu walilia siku ya mazishi. Karwirwa alisimama kando ya kaburi akitazama udongo ukiingia, na hakusikia kitu. Chozi halikutoka. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Miezi ikapita, ganzi ikabaki. Alikula bila kuonja, akacheka kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka.

Magoti ya Cucu, yaliyomsumbua kwa miaka mingi, nayo yalizidi kuuma baada ya msiba. Mjomba Mwiti, karani mjini Embu, hakuficha neno.

"Mama, siwezi kukuacha hapa ukitambaa. Nitarudi likizo ya Desemba. Nikikuta huwezi kutembea mwenyewe, boma hili nalifunga. Wewe utakuja kwangu Embu. Mtoto ataenda Ruiri kwa mama yake mdogo."

Karwirwa alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Hakulia. Aliwaza jambo moja tu: Cucu apumzike, apone, wasitenganishwe. Mguu ukiuma si hupumzishwa? Basi akamnyang'anya Cucu kazi zote, moja baada ya nyingine. Jembe alilificha darini. Cucu alipoinuka kuchota maji, alimrudisha. "Kaa, Cucu. Mimi nipo."

Halafu akafanya kosa kubwa zaidi. Cucu alikuwa katika kikundi cha akina mama waliochumiana majani chai kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kiongozi wao alikuwa jirani, Mama Cicily. Karwirwa alimwendea akamwambia, "Cucu amenituma. Anasema amechoka, hatachuma tena."

Cucu hakuwa amemtuma popote.

Kikundi hicho kilikuwa na desturi yake. Mwenzao akisema amefika mwisho, walimletea kiti cha mbao chenye mikono, wakamfunga leso mpya, wakamwimbia, kisha wakachukua kikapu chake cha kuchumia wakampa mwanamke kijana. Basi Jumamosi moja wakaja na kiti, wakiimba. Cucu aliwatazama, akamtazama mjukuu wake, kisha akaketi. Kuwauliza wenzake mbona wamemtoa kungekuwa kujidhalilisha. Toka siku hiyo akawa mtu wa kuitikia "eeh" na "hapana", basi.

Na magoti je? Yalipona? Wapi! Yalikakamaa. Kufikia Septemba, Cucu alihitaji kushikwa mikono miwili ili asimame, na kwenda chooni ilikuwa safari.

Alasiri moja ya Oktoba, Karwirwa alitoka shule akamkuta Cucu amelala kifudifudi mlangoni. Akina mama walikuwa wakichuma chai ng'ambo ya kijito, nyimbo zao zikifika mpaka uani. Cucu alizisikia, akajaribu kwenda, miguu ikamkatalia.

"Umeumia, Cucu?"

"Hapana."

Karwirwa alisimama tu. Alijua inafaa aogope, lakini hata woga haukuja. Alikwenda akamwita Mama Cicily, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Kesho yake wote watatu walikwenda hospitalini Nkubu. Daktari alimpima Cucu, akasema hakuna kilichovunjika, ni baridi yabisi ile ya umri. Akawatuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mcheshi kutoka Embu aliyeitwa Ednah.

"Cucu, nani anachota maji nyumbani?" Ednah aliuliza huku akilikunja goti taratibu.

"Huyu mtoto."

"Anayelima?"

"Huyu mtoto."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi ni mgeni kwangu. Hata wenzangu wa chai walinifukuza."

Mama Cicily aliruka kitini. "Tulikufukuza? Wewe si ulimtuma mtoto aseme umechoka?"

Wakamgeukia Karwirwa. Aliinamisha kichwa. "Nilidanganya," akasema. "Nilitaka apumzike apone, mjomba asitutenganishe."

Hakuna aliyemkaripia. Ingekuwa afadhali wangemkaripia. Ednah alivuta kiti karibu naye.

"Sikiliza, binti. Goti la mzee ni kama bawaba ya mlango. Usipofungua mlango, bawaba inashika kutu. Akikaa kutwa, misuli inalegea na maumivu yanaongezeka. Bibi yako hahitaji mtu wa kumfanyia. Anahitaji mtu wa kumngojea afanye."

Akawaonyesha. Asubuhi, kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya magoti. Kisha Cucu anyooshe mguu akiwa ameketi, aushushe polepole, abadilishe. Fimbo aishike kwa mkono ulio mkabala na goti bovu, si upande uleule kama alivyozoea. Atembee kidogo kila siku, aongeze kidogo, apumzike kabla ya kuchoka. Mizigo mizito asibebe, kuchuchumaa aache. Na dawa za chupa zinazouzwa sokoni bila jina asiziguse. Goti likivimba na kupata moto, arudi hospitalini.

"Litapona?" Karwirwa aliuliza.

"Litaendelea kuuma. Lakini atatembea nalo."

Kazi ngumu kuliko zote ikamwangukia Karwirwa: kutofanya kitu. Cucu alipong'ang'ana kuinuka, Karwirwa alifunga mikono nyuma akauma midomo. Alipomwaga maji njiani, Karwirwa alitazama pembeni. Siku ya baridi magoti yaligoma, Cucu akarudi kitandani akinung'unika. Siku ya jua alifika kwenye migomba. Baadaye akafika kijitoni. Kisha akasema, "Shusha jembe langu. Unadhani sijui liko wapi?"

Kuhusu kikundi, hapakuwa na mtu aliyewahi kuletewa kiti kisha akarudi. Karwirwa alipelekwa mbele ya akina mama wote akaeleza uongo wake. Waligunaguna. Mwishowe Mama Cicily akasema, "Desturi ni yetu, basi na tuipinde sisi." Wakamsukia Cucu kikapu kipya, kidogo kuliko vyao.

Desemba mjomba Mwiti alifika, akakuta nyumba tupu. "Mama! Mama!" Hakuna aliyeitikia. Karwirwa alimwongoza hadi shambani kwa Mama Cicily. Cucu alikuwa amesimama mwanzoni mwa mstari, akichuma majani mawili na kichipukizi na kuwatania wenzake kuwa ni wavivu. Alipomwona mwanawe alitua kikapu, akachukua fimbo, akaanza kupanda mlima kuelekea nyumbani. Mjomba akanyoosha mkono amshike.

"Mwache, mjomba," Karwirwa alisema. "Mngojee."

Wakamngojea. Alipanda, akasimama kuvuta pumzi, akapanda tena, uso umekunjamana kwa maumivu, mpaka akafika mlangoni kwake mwenyewe.

"Haya," mjomba akasema. "Boma halifungwi."

Karwirwa alifungua kinywa ashukuru, kikatoka kilio. Alilia kwa nguvu, akimtaja babu Kithinji, babu aliyezikwa tangu Machi. Mjomba akashtuka, akataka kumnyamazisha.

"Mwache alie," Cucu alisema. Akaegemea fimbo, akamfuta mjukuu wake uso kwa ncha ya leso. "Mama yangu, ulinipenda ukanikalisha, nikakakamaa. Nawe ulikalisha huzuni yako, ikakakamaa. Umpendaye usimnyang'anye kazi yake, na wewe usijinyang'anye kilio chako. Itauma, sikudanganyi. Magoti yangu yanauma sasa hivi."

Kisha akaingia jikoni, polepole, kuwapikia chai.