Maziwa ya Nani?

Kabla ya kumlisha mtoto kwa mrija, Sista Becky, muuguzi wa wodi ya watoto njiti, huvuta kidogo kwa sirinji, aone kama tumbo limemaliza maziwa ya awali. Asubuhi ile tumbo la mtoto wa Nasambu lilipaswa kuwa tupu. Sirinji ikajaa maziwa mazito, yananuka magugu ya ziwani.

"Mama, umemlisha nini?"

"Mimi? Sista, si ndio naingia sasa hivi! Kikombe changu cha maziwa si hicho, bado kimejaa?"

Haya, niambie wewe. Katoto ka mimba ya miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili, kamefungiwa ndani ya inkubeta, hata kunyonya hakajui, nani amekashibisha? Nasambu, muuza nyanya wa soko la Kibuye, hakufikiri mara mbili. Alimgeukia Aoko.

Mtoto wa Aoko alikuwa amefariki Jumanne katika wodi hiyohiyo. Mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kidonda cha upasuaji kilikuwa kimekataa kupona, na maziwa yalikuwa yakimlowesha gauni. Kila mchana alisimama kando ya inkubeta ya mwenzake, akitazama tu.

"Wewe Aoko, unamnyonyesha mtoto wangu?"

"Woi, mama! Mimi nasimama hapo kumlinda." Aoko alishusha sauti. "Kuna mtu huinama juu yake. Simwoni, lakini namsikia akimbembeleza."

"Uongo mtupu! Wako ameenda, sasa unataka wangu!"

Maneno gani hayo ya kumwambia mfiwa? Aoko alihamishwa wodi akilia, na Nasambu akajiona amefanya la maana.

Kesho yake sirinji ikajaa tena. Na mtoto alikuwa ameongeza gramu hamsini.

Mchana huo, wauguzi wakiwa wanakula, Nasambu alijibanza ukutani akakodoa macho. Kwanza ilikuja ile harufu, kisha kioo cha inkubeta kikatanda ukungu kwa nje, pumzi baada ya pumzi, ingawa hapakuwa na mtu, na mdomo wa mtoto ukaanza kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, maziwa yakimtiririka shavuni, huku sauti ya mwanamke ikiimba chini kwa chini, karibu kabisa, mpaka Nasambu akahisi nywele zenye maji zikimpangusa mkono.

Alitoka mbio kumwita mchungaji Mukhwana, aliyeombea wagonjwa hospitalini hapo.

"Jini, toka! Shindwa!" Mchungaji alikemea mpaka akatokwa na jasho. Mlango ukajibamiza wenyewe, harufu ikaisha. Nasambu alipiga magoti, akamshukuru Mungu.

Kuanzia siku hiyo mtoto alitapika kila tone la maziwa ya mama yake. Siku ya tatu gramu zilikuwa elfu moja na hamsini, na ngozi imelegea mapajani. Daktari alibadilisha dawa, akabadilisha tena.

"Mama, anatuponyoka," Sista Becky alisema, akaenda kumwita daktari.

Nasambu alibaki peke yake. Alimtazama mwanawe akihangaika kuvuta pumzi, roho ikamuuma vibaya sana. Akaenda mlangoni, akaufungua wazi.

"Rudi," alinong'ona. "Mnyonyeshe. Lakini nakuomba, uniachie mwanangu."

Harufu ya magugu ikampita begani. Nasambu akageukia ukuta, akaziba masikio, asisikie mwanawe akimeza.