Koti la Nyuma ya Mlango

Jioni ile nilikuwa ninakwenda kununua maziwa tu.

Si mbali. Unashuka ngazi za fleti yetu, unafika Umbilo Road, unavuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, duka liko pale pale. Jua lilikuwa linazama lakini joto la Februari halikuwa limepungua hata kidogo, lile joto la Durban linalonatisha nguo mgongoni. Mimi nilivaa kigauni chepesi. Mwanangu Akimana, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka miwili, alivaa koti jekundu la baridi, limejazwa pamba, zipu imefungwa hadi kidevuni.

Na hakutoka jasho.

Dukani mama mmoja aliniambia nitamuua mtoto kwa joto. Nilimjibu vibaya. Nina mdomo mimi, sikatai, hata saluni wananijua. Lakini ningemwambia nini? Kwamba koti lile halivuliki? Nilichukua maziwa yangu nikatoka.

Kwenye robot niliinama, nikampa mgongo. "Njoo, bébé. Njoo mama akubebe."

Zamani asingengoja. Angeruka na kusema neno lake moja, "Mongo", yaani mgongo, kisha angelaza shavu begani kwangu na kulala kabla hatujafika popote. Sasa alisimama tu, mkavu kama ufagio. Akanipa mkono. Mkono wa baridi... Na ile harufu ikaja tena, harufu ya vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini zisiliwe na wadudu.

Ngoja nirudi nyuma, nisikupoteze.

Mimi ni Joséphine, mtu wa Uvira, ninasuka nywele. Mume wangu Bertrand ni Mrundi, anauza makava ya simu na chaja. Kila mwaka alikuwa anakwenda peke yake Guangzhou, China, kununua mzigo. Mwaka huu akasema, "Mama Akimana, twende wote. Mtoto bado mdogo, ndege hawatozi bei ya mtu mzima. Iwe vacances." Vacances. Likizo. Mimi tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kwenda popote bila kukimbia kitu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Na tulifurahi, nisidanganye. Tulikaa katika kihoteli cha bei ya chini kabisa, orofa ya saba, chumba hakina dirisha. Tulikula mayai ya kuchemsha na tambi za kumwagia maji ya moto. Asubuhi tulikwenda bustani isiyo na kiingilio, kutazama bibi vizee wakicheza muziki kwa mistari, na jioni tulitembea kando ya mto kuangalia taa. Watu walituomba kupiga picha na Akimana. Yeye alikuwa mgongoni kwangu ndani ya mbeleko yake, kitenge cha kijani chenye ndege, anawapungia mkono kama mtoto wa mfalme.

Baridi tu ndiyo ilitushinda. Hatukuwa na nguo ya maana ya mtoto. Lakini nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na msumari, na kwenye msumari koti dogo jekundu. Safi, linanuka vidonge vya kabatini. Nikadhani mgeni fulani amelisahau.

"Mungu ametupatia," Bertrand akasema.

Mama wa usafi alipoliona mwilini mwa mtoto alisimama na ndoo yake mlangoni. Hakugomba. Alitoa simu, akaiongelesha Kichina, nayo ikatafsiri kwa Kifaransa, ile sauti ya mashine isiyo na moyo: *Koti ni la chumba. Jioni lirudi.* Bertrand akacheka, akasema hoteli za bei hii huhesabu hata sabuni. Lakini tulitii. Kila jioni nililirudisha msumarini.

Isipokuwa jioni ya mwisho, ile ya ndege.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Wachuuzi wetu wana desturi. Unakwenda China umevaa nguo kuukuu, na siku ya kurudi unaziacha huko huko, ili kilo zako zote ziwe za mzigo. Bertrand ana mzani wake mdogo wa mkononi, wenye ndoana, unaning'iniza begi unasoma kilo. Mimi nilikuwa bafuni ninamuogesha mtoto, yeye anapima, anatoa, anapima tena. Tukatoka mbio. Akimana alikuwa amelala ndani ya koti mikononi mwa baba yake.

Tulipokuwa karibu na uwanja wa ndege nikauliza, "Mbeleko iko wapi?"

"Nimeiacha msumarini."

"Umeiacha?"

"Koti nimechukua," akasema. "Mimi si mwizi, Mama Akimana. Mchuuzi hachukui bure. Nimetoa koti, nimetundika kitenge. Tumelipana."

Kwetu mbeleko haiachwi ugenini. Hata ikichanika inachomwa nyumbani, na mama mwenyewe. Nilimwambia turudi. Akaniambia tumeokoka, tuache mambo ya kijijini, na ndege haitungoji. Rahisi ghali, walisema wazee. Siku ile sikuwa na nguvu ya kugombana.

Tulipofika Durban, mtoto alishuka kwenye ndege akitembea mwenyewe. Hakulia. Hakuitika jina. Alikula wali mtupu tu, bila mchuzi, bila chumvi. Na kila jua likizama alikwenda kusimama nyuma ya mlango wa fleti yetu, kisigino kimegusa ukuta, mikono ameinyoosha juu.

Kama kitu kilichotundikwa.

Tulijaribu kulivua koti. Mara moja tu. Bertrand alishusha zipu, akatoa mkono mmoja, akatoa wa pili... na mtoto akalegea. Midomo ikawa ya kijivu. Hakuna pumzi. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Tulimrudishia koti, na pumzi ikarudi, taratibu, kama feni ya zamani inapoanza kuzunguka. Hatukugusa tena. Kliniki walimpima akiwa ndani ya koti lake, kilo kumi na moja, wakasema hana tatizo, labda safari imemchosha. Mchungaji alimwombea na kumpaka mafuta. Mtoto alimtazama muda wote bila kupepesa, hadi mchungaji akafupisha maombi akachukua kofia yake.

Nilikuwa nimefika mwisho. Nilikuwa nikisuka kichwa cha mtu machozi yanamdondokea shingoni. Niliona ninamlea mtoto wa mtu, na wangu sijui yuko wapi.

Basi jioni ile ya maziwa, tulipoingia ndani, simu ya Bertrand ikalia. Video. Namba ya hoteli.

Saa kumi na mbili jioni hapa ni usiku wa manane kule. Nani anafanya usafi saa hiyo?

Bertrand akapokea. Kioo kilikuwa cheusi. Kisha taa ikawashwa na tukaona chumba chetu, kitanda, mlango. Mama wa usafi hakujionyesha uso. Alisogeza simu polepole hadi nyuma ya mlango.

Kitenge cha kijani chenye ndege kilikuwa kinaning'inia msumarini. Kimefungwa fundo, vile ninavyofunga mimi.

Kilikuwa kimejaa.

Kilivutwa chini na uzito. Kiliyumba kidogo, huku, kule... Hakukuwa na mguu uliochomoza, wala kichwa. Na kutoka humo, sauti iliyochoka kulia:

"Mama. Mongo."

Simu ikakatika. Nyuma yangu, yule mwenye koti alikuwa amekwisha kusimama mlangoni pake, mikono juu.

Bertrand alikaa chini sakafuni. "Mimi nililipa," akawa anarudia. "Nililipa vizuri." Sikumpiga. Nilipanda orofa ya juu kwa Mama Nimbona, mzee wa Kirundi aliyekuwa mkunga huko kwao kabla ya vita. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakushangaa, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mwanao amebaki ndani ya mbeleko," akasema kwa sauti ya chini. "Mume wako alifanya biashara bila kujua anauza nini. Mwili ulio nao ni wake, lakini aliye ndani ni wa koti."

"Nifanye nini, mama? Hatuna njia ya kurudi kule. Hata karatasi zangu za kusafiria zimekwisha muda."

"Mtoto anajua njia moja tu. Mgongo wako." Akanifungulia sanduku akanipa kitenge chake. "Wakipiga tena, mpe mgongo. Ukisikia uzito usigeuke. Kisha mvueni huyu koti, haraka, uupandishe ule mwili juu ya uzito huo. Usimwonee huruma wa koti."

"Kwa nini nimwonee huruma?"

Akafunga sanduku lake.

Kesho yake Bertrand hakufungua duka. Tulikaa tunangoja jua lishuke. Simu ikalia. Niliiegemeza kwenye sufuria mezani, nikaona mlango, msumari, kitenge kimejaa. Nikajifunga kitenge cha Mama Nimbona kifuani, nikageuka, nikapiga magoti, nikainama.

"Njoo, Akimana. Njoo mgongoni kwa mama."

Nikainama zaidi.

"Mama yuko hapa. Panda."

Kitu kikaniparua mabegani. Vidole. Vidogo, vya moto. Kisha magoti mawili mbavuni, na uzito ukakaa mahali pake, pale pale, na shavu likalala begani. Nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Mungu wangu, nilitaka kugeuka. Niliuma mdomo hadi nikaonja damu.

"Kitenge cha kule kimelala," Bertrand akanong'ona akitazama simu. "Hakina kitu."

"Vua koti."

Akamwendea yule wa mlangoni. Akashika zipu. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuje naye, yule mtoto akalia. Hakulia kwa sauti ya Akimana. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto aliyejifunza kulia bila kusikiwa. Aliushika mkono wa Bertrand kwa mikono yote miwili, akanitazama mimi.

"Mama," akasema.

Nilielewa alichokuwa anakataa. Chumba kisicho na dirisha. Msumari. Sijui aliwekwa pale na nani, wala miaka mingapi. Nilijua tu kwamba mtoto ni mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mwanangu alikuwa mgongoni.

"Vua, Bertrand."

Koti likaanguka sakafuni. Mwili ukalegea, ukawa kijivu. Bertrand aliniwekea mgongoni, nikaufunga, nikakaza fundo, nikaanza kutembea chumbani nikiimba chochote kilichonijia. Baridi yake ilinipenya hadi mifupani. Nilitembea. Jua likaisha dirishani... Nilitembea.

Kisha jasho. Jasho la mtoto, likanilowesha gauni mgongoni. Na mguno mdogo wa usingizi.

Nilimshusha akiwa amelala, mzima, ananuka kama yeye. Asubuhi aliamka akaomba chai, akamwaga chai, akalia, akapigania rimoti na baba yake. Sikuwahi kupenda kelele namna ile.

Tulibaki na koti. Bertrand alipigilia msumari nyuma ya mlango akalitundika, kwa sababu hakuna aliyetaka kulilaza popote. Rafiki yake Ruphin, anayebeba mizigo ya watu kwenda China, alikuwa anasafiri wiki hiyo. Alikubali. Atalirudisha kwenye msumari wake, atuletee mbeleko yetu.

Alikuja jioni. Tulimwonyesha koti, akacheka. "Hiki tu? Hiki ni nusu kilo." Lakini mchuuzi ni mchuuzi, hapokei mzigo bila kupima. Akachukua mzani wa Bertrand, akaingiza ndoana kwenye kitanzi cha shingo, akanyanyua kwa mkono mmoja.

Halikunyanyuka.

Akatumia miwili. Uso wake ukabadilika. Alisoma mzani, akarudisha koti msumarini polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Hakuaga. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi, haraka, hadi chini.

Bertrand akautazama mzani, namba ikiwa bado imeganda. "Kilo kumi na moja," akasema. "Kama kliniki."

Tangu siku hiyo liko hapo. Kulitupa hatuthubutu. Hoteli hawapigi tena, na tukipiga sisi hakuna anayepokea. Mchana ni koti. Jioni mikono yake hujaa kidogo kidogo, na mimi huongeza sauti ya televisheni nisisikie ile sauti nyembamba.

Akimana hana woga nalo. Kila jua likizama anachukua biskuti yake, anaivunja, anapeleka kipande nyuma ya mlango. Anarudi mkono mtupu.

Jana alirudi, akanishika gauni. Nikadhani anataka kubebwa, nikapiga magoti, nikampa mgongo. Hakupanda. Alisimama pembeni, akatazama nyuma ya mlango, akanyoosha kidole.

"Mama," akasema. "Yeye pia. Mongo."

Na kabla sijainuka, kitu cha baridi kikanigusa mabega.