Ndoo ya Maabara ya Shangazi

Likizo ile Kidoti hajaisahau mpaka leo. Kila asubuhi alifuatana na shangazi yake hadi maabara, akavaa koti jeupe lililomfika vifundoni, na mlinzi wa getini akamtania, "Shikamoo, daktari!"

Shangazi alikuwa akitafuta protini moja tu ndani ya rojo lenye maelfu ya protini.

"Sasa utaijuaje?" Kidoti aliuliza.

"Nimeipachika mkia mdogo. Kwenye mrija huu mna shanga zinazoukamata mkia huo. Nyingine zote zinapita, yetu inabaki. Tunaosha kwa chupa ya bluu, uchafu unaingia ndooni. Mwisho tunamimina nyekundu, shanga zinaiachia, tunaikinga kwenye kichupa safi."

Siku moja shangazi aliitwa ofisini. "Endelea kuosha, mwanangu. Nyekundu usiiguse."

Kidoti akamimina huku macho yakiwa dirishani, kwa watoto waliokuwa wakicheza mpira. Alipotazama mkononi, lo! Chupa nyekundu! Kazi ya wiki tatu ilikuwa imeteremkia kwenye ndoo ya uchafu. Akairudisha chupa, akajitia kufuta meza.

Shangazi akarudi, akamimina nyekundu, akapima. Hola, hamna kitu! Akakaa akashika tama. "Wiki tatu nzima. Sijui nimekosea wapi."

Wakati huohuo mama wa usafi akaingia, akainama kuichukua ndoo.

"Usimwage, mama!" Kidoti akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Shangazi, hujakosea wewe. Ni mimi. Nilimimina nyekundu."

Shangazi alimkodolea macho, kisha akaikumbatia ile ndoo. Akadondosha tone lake kwenye karatasi, akatia dawa inayoutambua mkia. Wakasubiri saa nzima. Doa jeusi likajitokeza.

"Imo!" shangazi akacheka kama msichana. Wakayazimua maji yale mpaka nguvu ya nyekundu ikaisha, wakayapitisha kwenye shanga upya, mkia ukanaswa tena. Kufikia jioni protini ilikuwa kichupani, pungufu kidogo tu.

"Kukosea hata mimi nakosea," shangazi alimwambia njiani, amemshika mkono. "Lakini ungenyamaza dakika moja zaidi, tungeikosa kabisa. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Shangazi hayupo tena. Kidoti ndiye mkuu wa maabara sasa, na koti lile linamtosha. Jinsi anavyomkumbuka! Kila mwanafunzi mpya humwonyesha ndoo kwanza. Haimwagwi mpaka kila mmoja aseme amefanya nini.