Dole Gumba la Besi

— Kajibu?

— Kajibu, mama.

— Mungu mwema! Kasema nini?

— Dole gumba.

Mama mkwe akaliacha sinia la maharage aliyokuwa akichambua.

— Dole gumba ndiyo nini?

— Hiki hapa, kidole. Maana yake sawa, nimekubali.

— Kakubali nini? Hebu nisomee ulichomwandikia.

Mama Pindo akasimama, akakaa, akasimama tena. Akasoma kwenye simu: "Leo siku ya pili hujaniandikia hata neno. Kama umebadili nia, sema tu, nimwambie kaka wageni wasije Jumapili."

Na chini yake dole gumba, limesimama wima kama askari. Pembeni yake ua jekundu.

— Na ua pia? mama mkwe akauliza.

— Na ua, mama. Ananizika na shada kabisa.

Huyu Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, jina kapewa na wateja kwa sababu pindo zake hazifumuki. Mjane wa mwaka wa tano. Aliishi na mama wa marehemu mumewe, na mama huyohuyo ndiye aliyemwambia siku moja walipotoka ibadani, "Mwanangu alikufa, wewe hukufa. Ukipata mtu mwenye hofu ya Mungu, usijifiche nyuma yangu."

Mtu akapatikana. Fundi bomba, mpana wa mabega, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya wanaume. Watu walimwita Besi. Akifungua kinywa, vioo vya madirisha vilijibu. Wazee wake walikuwa waje Jumapili kwa kaka yake Mama Pindo kumposa. Kabla ya hapo, kwaya ilikuwa na safari: tamasha la kwaya, mji wa mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi.

Na kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Siku tatu kabla ya kuimba, wanaume wote walifunga sauti. Waliimba mazoezini tu, maongezi marufuku. Kila mmoja alivaa kijidaftari shingoni na kalamu, akitaka chumvi aandike chumvi. Anayevunja mfungo hapandi jukwaani. Mwalimu wa kwaya peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema, naye alisema kwa niaba ya wote thelathini.

Siku ya kuagana Besi alimwambia:

— Siku tatu hutanisikia, mpenzi.

— Basi utaniandikia.

— Mh, akasema Besi, akageuka kubeba begi.

Mh ile sasa ilimrudia Mama Pindo kama mwiba. Tangu wajuane, Besi hajawahi kumwandikia. Hupiga simu. Yeye aliona ni mapenzi hayo, mtu mwenye sauti kama ile aandike ya nini?

— Mama, nampigia kaka.

— Ngoja kwanza, mwanangu. Neno likitoka halina lijamu.

— Nimengoja siku mbili. Kanijibu, basi.

Akapiga.

— Kaka, wageni wa Jumapili wasije.

— Kuna nini?

— Kaghairi.

— Kakwambia kwa mdomo wake?

— Kafunga sauti. Kajibu kwa simu.

Kaka akavuta pumzi.

— Nilijua. Mwanamume anayeimba sana nina mashaka naye. Nitawaambia wazee wake wabaki kwao.

Siku nzima iliyobaki Mama Pindo hakutulia. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua. Alichemsha chai akaisahau. Alipopiga magoti kuomba, akajikuta anasikiliza kama simu inalia.

Jumamosi asubuhi ikalia. Mwalimu wa kwaya.

— Fundi, tumekwisha! Besi kapasua koti. Kalivaa la Njiti!

Njiti alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwembamba hata upepo ulimhurumia.

— Kalivaaje la Njiti? Kila mfuko wa makoti niliyowashonea niliubandika jina, herufi kubwa kama za duka!

— Sijui. Kachukua mfuko wa Njiti, kaingiza mikono kwenye koti, tukasikia praa! Mshono wa mgongo wote. Na huyo Njiti kalivaa la Besi, anaonekana kama mtoto aliyefunikwa pazia. Tunaimba saa nane. Besi ndiye anayeanza peke yake. Njoo, nakusihi.

Mama Pindo akaitazama simu, kisha akamtazama mama mkwe.

— Siendi. Nikamshonee mtu aliyenitupa?

— Umeitwa kama mchumba au kama fundi?

— Kama fundi.

— Basi fundi aende. Huyo mchumba mwache hapa, nitamlinda.

Njiani, sindano na nyuzi mapajani, jambo moja halikumwacha. Mtu anakosaje jina lake mwenyewe? Besi angesema, "Miwani nimesahau." Ndiyo ilikuwa kauli yake. Kanisani vitabu vikigawiwa, miwani kaisahau. Dukani bei ikiandikwa ukutani, miwani. Lakini siku ile macho yake Mama Pindo yalipochoka, nani alimtungia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote? Besi. Mara moja tu, bila miwani.

Mama Pindo akaweka mkono mdomoni. "Ee Mungu wangu."

Chumba cha nyuma ya ukumbi kilijaa wanaume thelathini na hapakuwa na sauti ila viatu. Alipoingia vijidaftari vikainuliwa. KARIBU FUNDI. POLE NA SAFARI. Njiti alisukuma chake mbele kabisa: KANIRARULIA KOTI NA HATA SAMAHANI HAJAANDIKA!

Besi alikuwa pembeni. Alipomwona, uso ukamng'aa kama mtoto aliyefuatwa shuleni. Akanyanyua dole gumba.

 Mama Pindo akakitazama kijidaftari kifuani pa Besi. Siku ya tatu ya mfungo. Vya wenzake vimechakaa na kujaa wino. Cha Besi kilikuwa cheupe pe, kama siku kilipotoka dukani.

Alilishona koti la Njiti, akamrudishia mwenyewe. Kisha akamvisha Besi lake, akapiga magoti kurekebisha pindo, pini mdomoni. Mmoja kafungwa mdomo na desturi, mwingine na pini. Alipomaliza akazitoa moja moja.

— Sogea hapa dirishani. Nikuulize, ujibu kwa kichwa tu.

Besi akasogea.

— Ulidhani nilikuandikia nini jana?

Besi akacheka kimya, akaweka kiganja moyoni.

— Ngoja nikusomee mwenyewe.

Akamsomea polepole, neno kwa neno. Alipofika "wageni wasije Jumapili," tabasamu la Besi likadondoka. Akamshika mkono. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

— Hujui kusoma.

Mwanamume yule mpana akatazama sakafu. Kisha kichwa kikainama mara moja. Ndiyo.

— Na miwani je? Unayo hata moja?

Hapana.

Akafumbua mdomo aseme. Mama Pindo akaubana kwa vidole viwili.

— Usithubutu! Siku tatu zako zisipotee mlangoni pa jukwaa. Mimi sikukupendea herufi. Lakini kaka nimeshamwambia, na wazee wako wameshazuiwa. Hapo ndipo tulipo.

Akapiga simu hapohapo.

— Kaka, wageni waje.

— Jana wasije, leo waje. Mimi mlango wa basi?

— Palitokea makosa.

— Makosa gani? Mtu kaulizwa kama kaghairi, kakubali. Aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, alikubali kwa nini.

— Kafunga sauti mpaka waimbe.

— Basi nangoja mpaka saa tisa. Ikipita, Jumapili nina safari zangu, na habari hii imekwisha.

Simu ikakatika. Mama Pindo akanong'ona:

— Nitamwambia simu yako iliharibika.

Besi akatikisa kichwa. Hapana.

— Basi utajua mwenyewe. Nenda kaimbe.

Walipanda. Besi akasimama mbele ya watu wote wale, mikono mitupu wakati wenzake wameshika karatasi, akauanza wimbo peke yake. Sauti ilitoka chini, mahali maji yanapoanzia. Mama Pindo alikuwa nyuma ya pazia na sindano vidoleni, na alijichoma asijue. Kila mara jicho kwenye saa. Nane na nusu. Nane na dakika arobaini. Mbona wimbo hauishi!

Uliisha. Wanaume wakamiminika nje uani, na maneno ya siku tatu yakawatoka kwa pamoja kama maji bomba likipasuka.

— Njiti, wewe unakoroma!

— Nilitaka kukwambia tangu juzi!

Saa tisa kasoro dakika saba. Besi akanyoosha mkono, Mama Pindo akampa simu inayoita. Hajui kunong'ona mtu yule. Kila neno lilisikika mpaka getini.

— Shikamoo, kaka. Ni mimi.

— Marahaba. Sema.

— Mimi sijui kusoma. Dada yako aliniandikia, nikadhani ananiombea heri. Nikampa dole. Sikughairi. Siwezi kughairi.

Wanaume thelathini wakafunga sauti mara ya pili, bila kuamriwa.

— Miaka yote umeficha? kaka akauliza.

— Nimeficha.

— Na dada yangu utamficha nini kingine?

— Hakuna, kaka. Nilikuwa na hilo moja tu, na sasa wanalijua wote hapa.



— Njooni kesho saa nne. Mkichelewa msiniandikie. Nipigieni.

Besi akarudisha simu, hajui amtazame nani. Ni Njiti aliyemsogelea.

— Kumbe nyimbo zote hizi umezishika kichwani? Mimi na karatasi mkononi nilipotea ubeti wa pili! Koti nimekusamehe, kaka.



Wazee walikuja kwa kaka saa nne kasorobo. Mama mkwe, aliyetangulia huko, ndiye aliyewafungulia mlango.

Ndoa ilifungwa miezi minne baadaye. Miezi hiyo, kila jioni baada ya kazi, Besi alikaa pembeni ya cherehani, akifuata kwa chaki herufi ambazo Mama Pindo alimshonea kwenye kitambaa kwa uzi mwekundu. Siku yenyewe kitabu cha ndoa kilipofunguliwa, kalamu ikabaki hewani juu ya mstari. Mchungaji akamwonea huruma, akasogeza kidau cha wino.

— Bwana harusi, si aibu. Weka dole gumba tu, inatosha.

— Dole gumba hapana! bibi harusi akaruka. Limeshanitesa vya kutosha. Mwacheni aandike, tutangoja.

Kwaya nzima ikacheka. Besi akainama, ulimi nje kidogo kama watoto wafanyavyo, akaandika. Alichukua muda mrefu hata mchungaji akavuta kiti. Kalamu ilitoboa karatasi mara moja, na herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari.

Lakini lilikuwa jina lake, na mama mkwe, aliyekuwa shahidi, akavaa miwani yake kulisoma.